Kiingereza safi si ushahidi wa wizi

SIKU hizi ukiandika kitu kilichonyooka, hakuna anayeuliza umesema nini. Swali la kwanza ni: “Hii ni ChatGPT, sivyo?” Mhadhiri anaipitisha kazi yako kwenye programu ya kupima, inatoa asilimia, na asilimia hiyo inageuka hukumu. Mteja wa mtandaoni naye anakataa kulipa. Kesi imekwisha kabla hujafungua mdomo.

Mimi nasema programu hizi hazifai kuwa hakimu. Zikiachiwa kazi hiyo, sisi vijana wa Kenya tutakuwa kati ya watakaoumia zaidi.

Hebu tuangalie zinavyofanya kazi. Programu haikuoni ukiandika. Haijui kama ulikesha maktabani au ulinakili kila kitu dakika tano kabla ya muda kuisha. Nyingi hutazama kama neno linalofuata lilikuwa rahisi kukisia. Maneno yakifuatana jinsi ilivyotarajia, inashuku mashine. Yakiruka-ruka, inasema ni mtu.

Sasa fikiria mtu aliyejifunza Kiingereza darasani, kama wengi wetu. Anatumia maneno anayoyajua vyema, sentensi zilizopangwa na viunganishi alivyofunzwa na mwalimu. Kwa programu, huyo ananuka mashine.

Hili limepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu programu saba za aina hii kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuandikwa na akili unde. Insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote.

OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa programu yao ya kutambua Januari 2023. Walikiri kwamba ilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya akili unde, na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Kufikia Julai mwaka huohuo walikuwa wameiondoa kwa kukosa usahihi. Kama mpishi mwenyewe hawezi kutambua chakula chake, jirani atakitambuaje?

Hata macho ya watu yanakosea. Aprili 2024 mwekezaji Paul Graham aliandika kwenye X kwamba neno “delve” katika barua pepe aliyotumiwa lilimfanya ashuku ChatGPT. Waafrika wengi, hasa Wanigeria, walimshukia: kwao hilo ni neno la kawaida.

Nasi pia twaijua hadithi hiyo. Tangu shule ya msingi tumesukumwa kupamba insha kwa misamiati mizito na kuunganisha aya vizuri. Aliyefanya hivyo alisomewa darasa zima kazi yake. Tulichopewa alama nacho Darasa la Nane ndicho tunachoshtakiwa nacho chuoni. Hiyo ni noma.

Matokeo yake ni kituko. Kuna wasee wanaotia makosa kwenye kazi zao kwa makusudi ili zionekane za binadamu. Wengine wanazipitisha kwenye programu nyingine ya kuzivuruga. Yaani mtu aliyeandika mwenyewe anatumia akili unde kuthibitisha kuwa hakutumia akili unde!

Sisemi hakuna wanaodanganya. Wapo, na tunawajua. Lakini tazama jinsi waongo wanavyonaswa kweli. Mwaka 2023 mawakili wawili jijini New York waliwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Waliwaponza mawakili wa upande wa pili na jaji waliozitafuta kesi hizo na kuzikosa. Mawakili hao na kampuni yao wakapigwa faini ya dola 5,000. Hapo hakuna aliyepima ulaini wa lugha. Watu waliuliza kama yaliyoandikwa ni ya kweli.

Hiyo ndiyo njia. Mhadhiri, badala ya kuniletea asilimia, niite unipe dakika kumi. Niulize kwa nini nilichagua mfano huu, kitabu hiki nilikitoa wapi, aya ya tatu ina maana gani. Aliyeandika atajibu, hata kwa kugugumia. Aliyenakili atatazama dari. Najua madarasa yamejaa na muda ni mchache, lakini kumfelisha mwanafunzi asiye na hatia ni jambo zito kuliko dakika kumi. Anayeshtaki ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Nasi vijana tujilinde. Usifute rasimu zako. Andikia mahali panapohifadhi historia ya mabadiliko, kama Google Docs, ili ionekane kazi ilivyokua siku baada ya siku. Weka picha za kurasa ulizosoma na maandishi yako ya daftarini. Kama ulisaidiwa na akili unde mahali fulani na sheria za chuo zinaruhusu, sema wazi.

Na tafadhali, usiharibu Kiingereza chako wala Kiswahili chako ili kuifurahisha mashine. Umekitolea jasho miaka mingi. Ukiitwa ujieleze, nenda na rasimu zako mkononi.