Barabara ya Stevenson na Majina ya Njia Zetu

Mwaka 2022, Operesheni ya Anwani za Makazi ilipokuwa ikiendeshwa nchi nzima, wananchi wa mtaa wetu hapa Ilembo tuliitwa kikaoni ili tuzipe majina njia zetu. Njia fupi hazikutuchelewesha: hii ya msikitini, ile ya kisimani, ile nyingine ya mashine ya kusaga. Ubishi ulizuka tulipoifikia njia kubwa ya kuelekea upande wa Ziwa Tanganyika. Kijana mmoja msomi alishauri ipewe jina la Mzungu wa zamani, kwa hoja kwamba watalii watavutika. Wazee waliguna. Nami, kwa kuwa ni mtu wa Chama, nikaombwa nitoe rai. Nilianza kueleza habari za Barabara ya Stevenson, lakini jua lilikuwa limekwisha kuzama na kikao kikaahirishwa. Ninayoyaandika leo ndiyo niliyokusudia kuyasema siku ile.

Ndugu wasomaji, James Stevenson hakuwa hata mlowezi. Alikuwa tajiri wa Glasgow, huko Uskochi, na mmoja wa wakuu wa kampuni iliyokuja kuitwa African Lakes Company. Mwaka 1881 alijitolea kugharimia barabara ya kuunganisha ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema masikioni: biashara halali iingie, biashara ya utumwa itoweke. Mhandisi James Stewart aliianza kazi, akafariki mwaka 1883. William McEwan aliyempokea akafariki mwaka 1885. Kisha vikaja vita vya Karonga baina ya kampuni hiyo na Mlozi, na kazi ikadorora. Barabara kamili haikupatikana kamwe. Palilimwa kipande, na sehemu kubwa iliyosalia ikabaki ile ile njia ya miguu ya wenyeji.

Hata hivyo jina liliandikwa kwenye ramani za Ulaya kana kwamba barabara ilikwisha. Na hapa ndipo jambo lenyewe linapotugusa sisi wa ukanda huu. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wao mjini Berlin, ule uliohusu pia Zanzibar na kisiwa cha Helgoland, Waingereza walishikilia kwamba Barabara ya Stevenson ibaki upande wao. Mpaka ukapitishwa kaskazini yake, kutoka mto Kalambo hadi mto Songwe. Mpaka huo ndio tulio nao hadi leo na jirani zetu wa Zambia na Malawi. Wamambwe na Walungu waliamka wakiwa raia wa himaya mbili, kwa sababu ya barabara ambayo haikuwa imekamilika, iliyobeba jina la mtu aliyekuwa na duka lake mbali mno na migomba yao. Hakuna aliyewauliza.

Sasa ni nani aliyeibeba barabara hiyo? Meli ya wamisionari wa London iitwayo Good News ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande, ikapandishwa kwa mito hadi Ziwa Nyasa, kisha ikavushwa nchi kavu kupitia njia hiyo hadi Ziwa Tanganyika, ambako ilishushwa majini mwaka 1885. Vyuma vile havikutembea vyenyewe. Vilibebwa mabegani mwa wapagazi, na Mwafrika mpagazi hakupewa hata kilima kimoja kuwa ukumbusho wake.

Tusidhani kwamba hayo ni ya kusini peke yake. Kwetu hapa Karema, mwaka 1879, Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo cha ile jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, kikaja kuitwa Fort Léopold, hadi kilipokabidhiwa mapadri wa White Fathers mwaka 1885. Mwaka huo huo wa 1879 Leopold alileta tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa Msasani, ili wachukue mizigo badala ya watu. Akamleta tembo wa kigeni katika nchi ya tembo! Ni mmoja tu aliyefika Karema. Kiongozi wa msafara, Carter, aliuawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe mwaka 1880, katika mapigano ya majeshi ya Mirambo. Mradi ukafa, na mizigo ikarudi pale pale ilipokuwa: mabegani mwa wapagazi.

Wapo watakaosema kwamba historia haifutwi kwa kubadili vibao. Hilo ni kweli, nami sipendekezi tuyachome majina ya kale. Bismarckburg iliporudi kuitwa Kasanga, boma la Wajerumani halikuyeyuka. Na watoto wetu hawana budi kufundishwa kwamba lilijengwa na nani na kwa faida ya nani. Lakini kufundisha ni kitu kimoja, kuenzi ni kitu kingine. Jina la barabara halisomwi darasani pamoja na maelezo ya mwalimu. Hutamkwa na mgonjwa anayeelekeza bodaboda usiku, na mama anayetuma dagaa mjini, hadi likawa kama jina la jamaa.

Katika hili niwe mkweli pia kwa wenzangu wa Chama. Tumekuwa wepesi wa kumcheka Mzungu aliyejiandika kwenye ramani, huku sisi wenyewe tukikimbilia kuviandika vibao kwa majina ya wakubwa walio hai, ambao pengine barabara husika wameipita mara moja tu, na vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Maalimu wangu wa chuoni alikuwa akituonya tusimsifu mtu kwa kazi ya mkono wa mwenzake. Mtoto aliyefanya hivyo alirudishwa kusoma juzuu tangu mwanzo.

Kikao kilipoitishwa tena wiki iliyofuata, nilipendekeza njia ya ziwani iitwe Barabara ya Wapagazi. Mzee mmoja, ambaye babu yake alibeba mizigo kutoka ziwani hadi Tabora, aliniunga mkono akiwa amesimama na fimbo yake. Tulipiga kura kwa mikono. Nilipata mikono kumi na moja. Jina lililopita ni la kiongozi mmoja ambaye bado yu kazini, na aliyelipendekeza ni mwanachama mwenzangu, ameketi kiti cha mbele.

Kibao kimekwisha kusimikwa. Mzee yule hulipita kila alfajiri akienda shambani, na njia yenyewe bado huiita ya ziwani.