Mama alikataa maji, magharibi ikikaribia

Mama yangu anaishi na kisukari mwaka wa 12 huu na anajidunga insulini. Ramadhani moja, saa kumi na moja jioni, tulimkuta amelowa jasho, mikono inamtetemeka, sukari 2.9, na bado anasukuma glasi ya maji. Aliogopa dhambi kuliko kifo!

Sisi wanawe hakutusikia. Aliyemtuliza ni imamu wa msikiti wetu, Mungu amlipe kheri. Alikuja nyumbani, akamweleza taratibu kwamba Surat al-Baqara, aya ya 184, inampa mgonjwa ruhusa ya kula akalipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa hulisha masikini. Mama alilia sana.

Wenzangu wenye wagonjwa, nendeni kliniki mapema, tangu Shaabani, dozi ipangwe upya. Kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi swaumu, wanazuoni wengi wamesema hivyo. Ikishuka chini ya 3.9, mgonjwa afungue papo hapo, hata kama adhana imebaki dakika tano. Na futari zetu nazo, jamani: mihogo, magimbi, tambi, kalimati, vyote sinia moja. Hapo sukari inapaa usiku kucha.

Sasa mama hafungi. Kila siku ya Ramadhani hupima kibaba cha mchele, akampelekea jirani yetu asiyejiweza, ndipo anarudi kuchoma sindano yake ya jioni.