Wepesi Usipimwe kwa Udogo Pekee: Rai kuhusu Kisimamizi cha Faili katika Linux

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, tarakilishi nyingi kuukuu zimejikuta kwenye njia panda. Windows 11 hudai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za diski na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, mashine isiyo na sifa hizo huhesabiwa kuwa haifai. Wengi wamependekeza Linux iwe kimbilio, nasi hatuna sababu ya kuwapinga. Hata hivyo, mjadala huo aghalabu huishia kwenye majina ya matoleo, Xubuntu, Lubuntu, Linux Mint, na kuipuuza programu ambayo mwanafunzi wa Kiswahili ataigusa kila mara anapoketi kufanya kazi: ile ya kusimamia faili. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa programu hiyo isichaguliwe kwa kigezo cha udogo pekee, na kuwa kwa shughuli zetu sisi watu wa lugha na fasihi, Thunar inafaa kuliko zile zinazosifiwa kwa kuwa ndogo zaidi.

Neno moja kwanza kuhusu istilahi, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili hawatatusamehe tukilipita kimya. Wapo wasemao 'meneja wa faili'. Meneja katika Kiswahili ni mtu, tena mwenye ofisi na karani. Maadamu kiambishi ki- kimekwisha kutupa kivinjari na kichapishi, kisimamizi cha faili hakiwezi kutushinda.

Je, uzito wa kisimamizi hutokana na nini? Programu ya aina hii haisimami peke yake, bali huegemea maktaba za msimbo zinazochora madirisha na vitufe vyake. Zipo koo mbili kuu za maktaba hizo, yaani GTK na Qt. Thunar, Nautilus na PCManFM ya awali ni za ukoo wa GTK, ilhali Dolphin na PCManFM-Qt ni za ukoo wa Qt. Mtu anayetumia mazingira ya Xfce, ambayo ni ya GTK, kisha akaileta Dolphin kwa kupendezwa na sura yake, huwa amemkaribisha mgeni ajaye na jamaa zake wote: maktaba za Qt na za KDE huingia diskini, na kumbukumbu huliwa kila programu hiyo inapofunguliwa. Dolphin hiyohiyo ikiwa kwao KDE haina lawama kubwa, kwa sababu maktaba zake zimekwisha kufunguliwa na wengine. Hivyo basi, anayeuliza ni kisimamizi kipi kilicho chepesi hajauliza swali kamili mpaka aseme kitaishi wapi.

Anayeshindana na Thunar kwa haki ni PCManFM. Iliasisiwa na Hong Jen Yee wa Taiwan, naye ndiye aliyeanzisha mazingira ya LXDE mwaka 2006. Ni ya kasi na haina makuu. Ndani ya LXDE, programu hiyo ndiyo pia ichorayo picha ya nyuma na aikoni za eneokazi, na kwa sababu hiyo anayeiondoa bila kuweka kitu kingine cha kuifanya kazi hiyo hubaki akitazama eneokazi tupu. Kwa mashine yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu sina ugomvi na anayeichagua. Ama kuhusu ROX-Filer ya Thomas Leonard, iliyoiga mfumo wa RISC OS wa Uingereza, ni nyepesi kweli, lakini msingi wake ni GTK 2, ambayo uangalizi wake ulifikia kikomo Desemba 2020 GTK 4 ilipotolewa. Rahisi ghali.

Thunar iliandikwa na Benedikt Meurer na ikatolewa pamoja na Xfce 4.4 mnamo Januari 2007, ikachukua nafasi ya Xffm. Sifa inayonifanya niitetee haimo katika kipimo cha kumbukumbu, bali katika dirisha lake la kubadilisha majina ya faili nyingi kwa pamoja. Mtafiti wa fasihi simulizi hurudi kutoka nyanjani, tuseme Vanga au Lamu, akiwa na faili sitini za sauti. Kinasa sauti kimezipa nambari tu. Upi ni wimbo wa harusi, upi ni mahojiano na manju, na ni kipi alichokirekodi kwa bahati mbaya akiwa safarini? Baada ya wiki mbili anakumbuka. Baada ya miaka miwili, wakati tasnifu inapoandikwa na huenda mzee aliyehojiwa amekwisha kufariki, hakumbuki. Katika Thunar huteua faili zote za kikao kimoja, hubonyeza F2, na dirisha humruhusu kuingiza neno la mwanzo, tarehe na nambari za mfululizo, huku akiona jina la zamani na jipya sambamba kabla ya kuthibitisha. Nashauri nambari zianze na sifuri, 01, 02, kwani zipo programu zinazopanga 10 mbele ya 2. Tangu toleo la 4.18 la Desemba 2022, Thunar pia hugawa dirisha pande mbili, hutafuta faili ndani ya folda zilizo chini yake na humwezesha mtumiaji kutengua alilolifanya. Mwenye toleo la kale zaidi asiyatarajie hayo.

Si kwamba Thunar haina mitego. Bila kifurushi cha gvfs, pipa la takataka halionekani na simu iliyounganishwa kwa waya haifunguki. Bila thunar-volman, diski mweko haijifungui yenyewe inapochomekwa. Anayesakinisha Thunar peke yake kwa kuogopa uzito kisha akailaumu kwa ubutu anaionea. Kinyume chake, vijipicha vya onyesho huweza kuilemea mashine kuukuu folda inapokuwa na mamia ya picha za miswada ya kale. Dawa yake imo katika mapendeleo: vijipicha vizimwe.

Lipo pia jambo ambalo wanaotoka Windows hulipuuza. Linux huweza kuhifadhi kwa muda katika kumbukumbu yale yanayonakiliwa, na mstari wa maendeleo ukamalizika kabla data haijafika yote kwenye diski mweko. Anayechomoa bila kubonyeza kitufe cha kutoa kilicho kando ya jina la diski anahatarisha kazi yake ya nyanjani.

Historia inatufundisha kutoichukulia programu yoyote kuwa ya milele. Mwaka 2004, GNOME 2.6 iliifanya Nautilus kufungua dirisha jipya kwa kila folda, jambo lililowakera wengi. Mwaka 2012, ilipopewa jina la Files, ikapokonywa mwonekano wa pande mbili, nao watu wa Linux Mint wakachukua msimbo wake na kuunda Nemo. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa leseni iliwaruhusu. Leseni ya namna hiyo ndiyo inayoturuhusu nasi kuitafsiri Thunar, kazi ambayo mradi wa Xfce huiendesha kupitia Transifex. Ibara ambayo haijatafsiriwa hujitokeza kwa Kiingereza, nayo menyu huwa nusu kwa nusu. Na wafasiri wasipopatana, kitu kimoja huitwa folda hapa, kabrasha pale na saraka kwingine. Idara ikikubaliana juu ya kisimamizi kimoja, darasa la istilahi litakuwa na matini halisi ya kufanyia kazi muhula mzima. Ningependekeza lianze na lile dirisha la kubadilisha majina, kwa kuwa ndilo mtafiti atakalolifungua kwanza arudipo kutoka nyanjani.