Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Extra Golden na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaisawiri vyema historia ya Extra Golden, bendi iliyochanganya benga ya Waluo na roki ya Marekani. Hata hivyo, historia iyo hiyo inawauliza wasomi wa Kiswahili swali zito: je, wao wameifanyia nini benga?

Ian Eagleson, mpiga gitaa wa bendi ya Golden ya Marekani, alifika Kenya kuitafiti benga kwa ajili ya shahada ya uzamifu. Jijini Nairobi alishirikiana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Mwaka 2004, wawili hao walirekodi nyimbo pamoja na Alex Minoff wa Golden na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari. Jina la bendi mpya lilitokana na majina ya bendi zao mbili. Jagwasi alifariki mwaka 2005, kabla ya albamu yao ya kwanza, Ok-Oyot System, kutolewa mwaka 2006. Ok oyot, kwa Kidholuo, ni kusema kwamba jambo si rahisi.

Na kwa hakika halikuwa rahisi. Opiyo Bilongo alijiunga na bendi ikaendelea, lakini walipoalikwa kutumbuiza Chicago mwaka 2006, Wakenya walipata shida ya viza hadi ofisi ya Barack Obama, aliyekuwa seneta wakati huo, ilipoingilia kati. Walimshukuru kwa wimbo katika albamu ya Hera Ma Nono (2007). Ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mashabiki walichanga fedha kuzisaidia familia za wanamuziki hao. Albamu ya tatu, Thank You Very Quickly (2009), ilibeba shukrani hizo katika anwani yake.

Wapo watakaodai kuwa roki iliichafua benga. Dai hili halina mashiko. Benga yenyewe ni zao la mchanganyiko: wapigaji wake walichukua gitaa, ala ya kigeni, wakalidonoa kwa namna ya nyatiti, ala ya nyuzi nane. Wala benga haikuwahi kufungwa na mipaka. D. O. Misiani, aliyeivumisha kwa bendi ya Shirati Jazz hadi kifo chake mwaka 2006, alizaliwa upande wa Tanzania, kusini mwa Migori. Kilichowafaa Extra Golden ni kwamba mgeni alikaa kitako akajifunza kabla ya kuchanganya.

Wapo pia watakaosema kuwa benga huimbwa kwa Kidholuo, hivyo haiwahusu wanafunzi wa Kiswahili. Hoja hii ndiyo yenye madhara zaidi. Taarabu na bongo fleva zimeandikiwa makala nyingi. Utunzi wa benga, wenye mafumbo, sifa na maombolezo, umeachwa nje ya mlango. Hofu kwamba Kiswahili kitaimeza Kidholuo ina msingi, na pale Sindo, kando ya Ziwa Viktoria, inaeleweka vizuri kuliko kwingi. Hiyo ni nchi ya Wasuba, ambao lugha yao imefifia mbele ya Kidholuo. Lakini lugha hailindwi kwa kunyamaziwa. Wimbo wa Kidholuo ukinukuliwa kama ulivyoimbwa, kisha ukafasiriwa na kuhakikiwa kwa Kiswahili, unabaki na lugha yake na kupata wasomaji wa Tanga, Kampala na Bukavu.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili ziikubali kazi ya namna hiyo kama tasnifu halali. Mwanafunzi atokaye Sindo, Mbita au Migori ana sikio ambalo Eagleson alilazimika kulitafuta kwa miaka, na wazee wanaoweza kumweleza mafumbo ya nyimbo wangali karibu naye. Jagwasi alifariki kabla ya kuiona albamu yake. Watunzi wengine nao hawatangoja. Mgeni amekwisha kuja. Kupona ni juu ya mwenyeji.