Alihama Kanisa, Lakini Mkono Bado Unatetemeka

Nina jirani hapa Timboni, Watamu, mama wa watoto watatu, ambaye kila anapompa mwanawe dawa ya homa hufunga mlango kwanza. Kanisa alilokuwa akisali zamani lilimfundisha kwamba kumeza dawa ni kumkosea Mungu. Alilihama, na sasa ni miaka sita. Hata hivyo, siku moja nilipomkuta na kijiko mkononi aliniambia, "Dadangu, najua ni dawa tu. Lakini mkono unatetemeka."

Huukumbuka mkono huo kila ninaposikia watu wakiwacheka wale wa Shakahola.

Bila shaka unakumbuka. Mnamo Aprili 2023 polisi waliingia katika msitu huo ulioko magharibi mwa Malindi, na makaburi yakaanza kufukuliwa. Hatimaye ilipatikana miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na wengine walinyongwa au kupigwa. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeanzisha kanisa lake mwaka 2003, alishtakiwa pamoja na wenzake, nao wakakana mashtaka.

Lakini kwa kuwa ukurasa huu ni wa afya, nataka tuwazungumzie waliotoka wakiwa hai. Baadhi yao waliendelea kukataa chakula hata baada ya kuokolewa. Mwezi wa Juni 2023, watu 65 walifikishwa mahakamani kwa madai ya kujaribu kujiua kwa kukataa kula. (Kifungu hicho cha sheria Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Kwa maoni yangu, ilichelewa. Mgonjwa hatibiwi kwa kizimba.)

Daktari yeyote atakueleza kwamba mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu hapewi sahani ya ugali iliyojaa siku ya kwanza. Chakula kingi cha ghafla huufanya mwili unyonye kwa haraka madini yaliyobaki katika damu, kama vile fosfeti na potasiamu, na moyo unaweza kusimama. Hulishwa kidogo kidogo, huku damu ikipimwa. Ukimpokea jamaa wa namna hiyo nyumbani, mpeleke hospitali kabla ya kumpikia karamu, na umwambie daktari ukweli kuhusu siku alizofunga.

Na akili nayo ni vivyo hivyo. Haiwezekani kumtoa mtu msituni asubuhi na kumtaka jioni aamini yale aliyoambiwa kwa miaka mingi kuwa ni dhambi. Tena usiniambie kwamba walikuwa wajinga. Walikuwamo watu waliosoma, waliokuwa na kazi zao nzuri. Walipata kule kitu ambacho wengi wetu tumeshindwa kupeana: watu wanaokujua kwa jina, wanaokuja ukiugua, wanaokaa nawe matanga hadi siku ya mwisho. Mtu aliyepewa hayo hukubali mengine mengi bila kuuliza.

Waama, nguvu hiyohiyo ndiyo iliyotujengea hospitali. Hospitali ya St. Luke's kule Kaloleni ni zao la wamishenari wa Kianglikana, na wengi wa kaunti hii ya Kilifi walizaliwa mikononi mwa wauguzi wake. Hapa kwetu nimewaona akina mama wa kanisa wakichanga pesa za teksi usiku wa manane kumpeleka mzazi Malindi, wala hawakuuliza kama ni mwenzao au ni Mwislamu. Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema makanisa yote yafungwe.

Ninachowaomba wachungaji wetu ni kitu kidogo. Jumapili, baada ya matangazo ya harusi na harambee, mtaje siku ya chanjo katika zahanati. Mseme kwa sauti, kutoka madhabahuni, kwamba anayemeza dawa za presha au za ukimwi hajapungukiwa na imani. Neno la muuguzi halina uzito huo kwa mtu aliyefundishwa kumwogopa muuguzi. Wasiodhani kuwa jambo hili ni la dharura wakumbuke Kwa Binzaro, papo hapo karibu na Shakahola, ambako miili mingine ilifukuliwa mwaka 2025.

Nawe msomaji, ukiwa na ndugu aliyetoka katika kundi kama hilo, usimdhihaki mezani. Uliza anakula na nani, anasali wapi sasa, nani humtembelea. Akiwa hana mtu, kuna hatari kwamba atarudi kwa wale waliomjua kwa jina.

Jirani yangu ana siku ya kliniki Jumanne ijayo, ya kitindamimba wake. Ameniomba nimsindikize. Anasema njia ya kwenda anaijua vizuri, ila hataki kuingia mlangoni peke yake.