Msitupe Kanda za Zamani

Juma lililopita mama mmoja mjane alinijia ofisini na kanda ya video ya arusi yake ya mwaka 1994. "Mwanangu," akasema, "sauti ya marehemu baba watoto imebaki humu tu. Mjini walinitolea nakala ya kompyuta, lakini nyuso zote ni kama moshi. Je, kanda imekufa?"

"Hapana, mama," nikamjibu, "tuitazame kwanza." Kumbe mjini alipeleka nakala aliyopewa shangazi zamani, kanda ya asili ilikuwa sandukuni siku zote.

Picha ya kanda huandikwa kwa sumaku juu ya utepe wa plastiki. Kila inaponakiliwa toka kanda hata kanda hupungua, kama chai inayoongezwa maji. Basi, shikeni haya:

Kwanza, tumia kanda ya asili. Ukiona ukungu juu ya utepe, usiicheze, mpe fundi.

Pili, ipeleke mbele hata mwisho, kisha irudishe, ili utepe ukae sawasawa.

Tatu, fundi asafishe vichwa vya deki kwa spiriti safi. Pamba haifai, maana nyuzi zake hunasa.

Nne, mistari ikicheza katika picha, geuza polepole kitufe cha trakingi mpaka itulie.

Tano, angalia waya. Ule wa njano huchanganya mwanga na rangi katika njia moja. Waya wa S-Video huvitenga, na picha hutoka safi zaidi, kama deki ina tundu lake.

Sita, kompyuta isiibane picha mno ili kuokoa nafasi. Kilichopotea hapo hakirudi.

Tena msikawie. Kanda za VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na kampuni ya Funai, ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha mwaka 2016. Deki nzima zazidi kuadimika, na kanda zazeeka hata zikiwa kabatini.

Na yule mama? Tulipocheza kanda ya asili, marehemu alionekana wazi, akicheka, hata vifungo vya koti vikahesabika. Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Ndiye." Kanda ameirudisha sandukuni, wala haitupi. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: nakala iwe ya kutazama, ya asili iwe akiba.