Nasaba Haimo Chupani

Huko Chekereni, penye majaruba ya mpunga chini ya Moshi, Mchaga akiulizwa nasaba hutaja ukoo na kihamba cha mlimani. Sasa huambiwa kuwa mate chupani yajua zaidi. Twakanusha! Vizazi kumi nyuma pana nafasi 1,024 za wazee. Kromosomu Y, ipokezwayo baba kwa mwana, humfuata mmoja tu. Hao 1,023 tuwatupe wapi? Nasi wa pwani tusimcheke: mwaka 2023, vinasaba vya mifupa ya makaburi yetu vilipotangazwa, kuumeni ilidhihiri Uajemi kwa wingi, kukeni Afrika. Tukishangilia Uajemi pekee, tumemkana mama aliyetupa lugha. Kipimo humjua aliyezaa, aliyelea hakimjui. Na ukoo, wenzangu, hulelewa.